Hesabu za Maji ya Kale katika Udongo wa Mirihi

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Mkaguzi wa hesabu hufika chamani mara nyingi baada ya mambo kwisha kutendeka. Msimu umepita, mazao yamekwisha pelekwa kiwandani, na pengine katibu aliyeandika vitabu amekwisha hamia mahali pengine. Hata hivyo mkaguzi hakosi la kusoma. Leja ipo, vocha zipo, na stakabadhi zipo. Mtu ajuaye kuzisoma aweza kueleza fedha ziliingia lini, zilitoka kwa njia gani, na ni wapi zilipoingia zisitoke tena.

Udongo nao ni leja, na mwandishi wake mkuu ni maji. Maji yapitapo juu ya mwamba, yatuamapo bondeni au yakaukapo juani, kila tendo huacha alama yake, na alama hiyo hudumu muda mrefu baada ya maji yenyewe kutoweka. Hapa duniani leja hiyo ni vigumu kuisoma, kwa kuwa kila mwaka mvua mpya, mizizi, mchwa na majembe huandika juu ya maandishi ya zamani. Lakini iko sayari moja ya mwamba ambamo maandishi ya maji yamekaa zaidi ya miaka bilioni 3 bila ya kufutwa sana. Sayari hiyo ni Mirihi. Yaliyosomwa huko yana faida hata kwa mwanachama ambaye hatazami angani ila kutafuta dalili za mvua.

Sayari yenyewe

Mirihi ni sayari ya nne kutoka kwenye jua. Kipenyo chake ni kama kilometa 6,780, yaani zaidi kidogo ya nusu ya kipenyo cha dunia. Hewa yake ni nyembamba mno, kwa kuwa uzito wake haufiki hata sehemu 1 katika 100 ya uzito wa hewa ya dunia, na wastani wa baridi ni kiasi cha nyuzi 60 chini ya sifuri. Katika hali hiyo maji hayawezi kudumu juu ya ardhi. Ama huganda yakawa barafu, ama hugeuka mvuke yakapotea.

Mwaka 1971 chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 9 kilifika huko, kikaanza kuizunguka sayari na kupiga picha. Picha hizo zilionyesha mabonde makavu yenye matawi, yanayokutana na kuungana kama mito inavyofanya. Hapo ndipo yalipozuka maswali. Kama palikuwa na maji, yalikuwa maji ya namna gani? Yalikaa siku chache au miaka maelfu? Yalikuwa matamu, ya chumvi, au makali yenye asidi? Picha ya bonde haiwezi kujibu maswali hayo. Yenye kujibu ni madini yaliyomo udongoni.

Jinsi maji yanavyoandika

Mvua inaposhuka huchukua hewa ya ukaa kidogo, ikawa na asidi hafifu isiyotambulikana mdomoni. Asidi hiyo, kwa muda mrefu, huula mwamba. Huchukua kutoka ndani yake magadi, chokaa, magnesi na potasi, ambavyo huyeyuka kwa urahisi. Na huacha silika, alumini na chuma, ambavyo huyeyuka kwa shida. Kinachobaki hutegemea mambo mawili: wingi wa maji, na kama maji hayo yana njia ya kutokea.

Kwanza, maji yakiwa kiasi, au yakituama bila ya kuuosha mwamba sana, hufanyika udongo wa mfinyanzi wenye kufura. Huu ndio wa jamaa moja na udongo mweusi wa mbugani, ambao wakulima wa pamba wanaujua vema: wakati wa masika hung'ang'ania jembe, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Udongo huu bado una rutuba nyingi ya madini, kwa kuwa maji hayakuiondoa yote.

Pili, maji yakiwa mengi na yakipita daima, huosha karibu kila kitu chenye kuyeyuka, mwisho hubaki kaolini, ule mfinyanzi mweupe upatikanao katika vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam. Yakizidi kuosha, hubaki chuma na alumini tupu, nao udongo huwa mwekundu na maskini wa chakula cha mimea.

Tatu, maji yakiingia mahali yasipate pa kutokea, hukaushwa na jua, nayo kila kilichokuwa kimeyeyuka ndani yake hubaki. Vitu hivyo huanguka kwa zamu: chokaa mbele, kisha jasi kama ile ichimbwayo Makanya, na mwisho chumvi ya kawaida. Kwa sababu ya zamu hiyo, mtaalamu akikuta jasi bila ya chumvi, au chumvi juu ya jasi, hujua maji yalikauka kwa kiasi gani.

Leja yenye kurasa tatu

Mwishoni mwa mwaka 2003 chombo cha Ulaya kiitwacho Mars Express kilianza kuizunguka Mirihi. Ndani yake mlikuwa na kifaa cha kupima mwanga wa jua unaorudishwa na ardhi, kwa sababu kila aina ya madini hurudisha mwanga kwa namna yake. Mwaka 2006 mtaalamu wa Ufaransa, Jean-Pierre Bibring, pamoja na wenzake, walitangaza kwamba historia ya sayari ile yaweza kugawanywa katika kurasa tatu.

Ukurasa wa kwanza, ambao ni wa zamani kabisa, wa takriban miaka bilioni 4 iliyopita, ni wa udongo wa mfinyanzi. Maji yalikuwapo kwa wingi na kwa muda mrefu, wala hayakuwa na asidi kali. Ukurasa wa pili ni wa chumvi za salfa. Volkano zilikuwa zimejaza hewa kwa salfa, maji yakapungua, na yale machache yaliyobaki mahali pengi yakawa makali. Ukurasa wa tatu ni wa ukavu: upepo, baridi, na vumbi jekundu la chuma kilichoshika kutu. Huu ndio mrefu kuliko yote, na ungali unaandikwa hadi leo.

Kusoma kutoka angani ni kama kusoma jalada la leja. Ilibidi waingie ndani. Januari 2004 magari mawili ya Marekani yasiyo na dereva yalitua Mirihi. Moja, liitwalo Opportunity, lilikuta katika uwanda wa Meridiani vidonge vidogo vya madini ya chuma, vya milimeta chache tu, vilivyozagaa chini kama mtama uliomwagika. Vidonge vya namna hiyo hukua ndani ya mwamba uliolowa maji ya chini ya ardhi. Aidha lilikuta madini yaitwayo jarosaiti, ambayo hufanyika katika maji yenye asidi. Hivyo ukurasa wa pili ukathibitishwa kwa kuguswa.

Gari la pili, Spirit, lilipata bahati kutokana na ubovu wake. Mwaka 2006 gurudumu lake moja la mbele liligoma kuzunguka, ikawa gari laliburuta kila liendako. Mwaka 2007 gurudumu lile bovu, katika kukwaruza, liliondoa vumbi jekundu la juu, na chini yake ukaonekana udongo mweupe. Ulipopimwa ulikutwa ni silika kwa kiasi cha asilimia 90. Silika haikusanyiki hivyo ila kwa kazi ya maji ya moto au mvuke wa volkano. Gurudumu zima lingepita juu tu. Gurudumu bovu likawa jembe.

Agosti 2012 gari kubwa zaidi, Curiosity, lilitua katika bonde la Gale, ambalo ni shimo la kilometa 154 kwa upana lililochimbwa na kimondo. Februari 2013 lilitoboa mwamba wa tope la kale. Unga uliotoka haukuwa mwekundu bali wa kijivu. Wekundu wa Mirihi ni wa ngozi tu. Karibu sehemu moja katika tano ya unga huo ilikuwa mfinyanzi wenye kufura, na madini yake yalionyesha maji yasiyo na asidi kali wala chumvi nyingi. Palikuwa na ziwa, na maji yake yangefaa kwa viumbe vidogo kama vingekuwapo.

Katikati ya Gale uko mlima wa tabaka wenye urefu wa kilometa 5 hivi. Chini yake ni mfinyanzi, na juu ya mfinyanzi zimo tabaka za chumvi za salfa ambazo gari lile lilizifikia mwaka 2022 baada ya kupanda kwa miaka mingi. Kurasa mbili za kwanza zimelala pale, moja juu ya nyingine, kama vitabu katika rafu ya ofisi.

Ziwa lenye mlango na ziwa lisilo na mlango

Wanachama waishio kandokando ya Ziwa Viktoria hunywa na kunywesha ng'ombe maji yake, kwa sababu ni matamu. Kaskazini mwa Arusha liko Ziwa Natron, ambalo maji yake huchoma ngozi, na ng'ambo ya mpaka liko Ziwa Magadi la Kenya, ambalo limefunikwa na magadi magumu ya kuchimbwa kwa sululu. Sababu ziko zaidi ya moja, maana mawe ya volkano na chemchemi za moto za Bonde la Ufa huongeza magadi. Lakini iko sababu kubwa inayozidi zote. Ziwa Viktoria lina mlango, nao ni mto Naili. Natron na Magadi hayana. Kila kiingiacho humo hukaa humo, ila maji peke yake, ambayo huondoka kwa kupanda angani.

Wataalamu walipokuwa wakichagua mahali pa kutua gari lao jipya, Perseverance, walizingatia jambo hilohilo. Bonde la Jezero lina upana wa kilometa 45. Upande mmoja kuna mabonde ya mito iliyoingiza maji, na upande wa mashariki kuna mkato ambao maji yalitokea. Kwa hiyo palikuwa na ziwa lenye mlango, na katika mdomo wa mto palilundikana mchanga na tope kama vile mto Rufiji unavyolundika karibu na bahari. Gari lilitua huko tarehe 18 Februari 2021.

Huko Jezero yamekutwa mambo mawili ya kukumbukwa. La kwanza ni mawe meupe yaliyotawanyika yenye kaolini. Kaolini, kama ilivyokwisha elezwa, ni alama ya maji mengi yaliyopita. Wataalamu walioichunguza waliona kwamba yaelekea ilifanyika kwa mvua nyingi za muda mrefu, katika sayari ambayo leo haina hata tone la mvua. La pili ni jiwe lililotobolewa mwaka 2024, lenye madoa ya madini ya chuma yenye fosfati na salfa. Taarifa ya Septemba 2025 ilisema kwamba madoa ya namna hiyo hapa duniani mara nyingi ni kazi ya vijidudu, ingawa yaweza pia kufanyika bila ya kiumbe chochote. Hiyo ni vocha inayotia shaka njema, lakini haijatiwa sahihi, na mkaguzi mwangalifu haipitishi bado.

Maji yalikokwenda

Salio lililobaki ni kujua maji ya Mirihi yalikwenda wapi. Yalitoka kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya juu. Mirihi ni ndogo, kiini chake kilipoa mapema, nayo ikapoteza nguvu ya sumaku ambayo katika dunia huzuia upepo mkali wa chembe zitokazo kwenye jua. Chombo kiitwacho MAVEN, kilichofika mwaka 2014, kimepima jinsi upepo huo unavyozidi kuichukua hewa ya Mirihi hata leo. Hewa iliyobeba mvuke wa maji ilikwenda hivyo.

Njia ya pili ni ya chini, nayo ndiyo isiyotazamiwa na wengi. Mawe yenyewe yaliyanywa maji. Mfinyanzi na jasi hushika maji ndani ya madini yake, si kama sifongo ishikavyo, bali kama sehemu ya mwili wake. Mwaka 2021 wataalamu wa Marekani walikokotoa kwamba kati ya asilimia 30 na 99 ya maji ya kale ya Mirihi yaweza kuwa yamefungwa humo mwambani. Hata hewa ya ukaa ilifungwa vivyo hivyo. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba Curiosity lilikuta katika tabaka za mlima wa Gale madini ya chuma na ukaa, kati ya asilimia 5 na 10 hivi ya mwamba.

Dunia nayo huweka amana ya maji katika mawe kila siku. Tofauti ni kwamba duniani mabamba makubwa ya mwamba huzama chini polepole, yakapata moto, na volkano hurudisha maji juu kama mvuke. Fedha huwekwa na fedha hutolewa. Mirihi haina mabamba yenye kuzama hivyo. Maji yaliwekwa, yakawekwa, wala hayakutolewa, mpaka mfuko ukawa mtupu. Sayari ile haikufa kwa kukosa maji tangu mwanzo. Ilikufa kwa sababu maji yaliacha kuzunguka.

Udongo uliobaki

Mwaka 2008 chombo kiitwacho Phoenix kilitua karibu na ncha ya kaskazini ya Mirihi, kikachota udongo na kuuchanganya na maji. Haukuwa mkali, ulikuwa na ubese kidogo, jambo ambalo kwa mkulima laonekana kuwa jema. Lakini ulikuwa na chumvi iitwayo perklorati, ambayo ni sumu kwa mwili, na hauna mboji. Mtu atakaye kupanda hata mche mmoja katika udongo huo itambidi kwanza auoshe kwa maji safi, na tena awe na mahali pa kuyapeleka maji machafu baada ya kuosha. Bila ya mahali hapo, chumvi itarudi palepale.

Hapo ndipo habari ya Mirihi inapoingia katika shamba la mwanachama. Kila maji ya mfereji yana chumvi kidogo ndani yake, hata yale yaonekanayo safi. Shamba la mpunga au la mboga linalopokea maji kila msimu lakini halina mtaro wa kuyatoa, ni ziwa dogo lisilo na mlango. Jua huchukua maji na huacha chumvi. Mwaka wa kwanza haionekani. Baada ya miaka kadhaa, wakati wa kiangazi, huanza kuonekana ukoko mweupe juu ya udongo, ncha za majani huungua, na maji yakimwagwa husimama bila ya kuzama. Mwenye shamba hudhani mbegu ni mbaya, au mbolea ilikuwa hafifu, naye huongeza mbolea, ambayo nayo ni chumvi.

Yafaa makatibu wawaeleze wanachama mambo manne.

(a) Mfereji wa kuingiza maji usichimbwe bila ya kuchimbwa pia mtaro wa kutoa maji, na mitaro yote miwili isafishwe kila mwaka. Kazi hii haiwezi kufanywa na mtu mmoja, maana maji ya mtaro wa mmoja hupita kwa jirani. Ni kazi ya chama.

(b) Panapoonekana ukoko mweupe, udongo upimwe kabla ya kununua dawa yoyote. Kituo cha utafiti wa udongo cha Mlingano, mkoani Tanga, hufanya kazi hiyo, na mabwana shamba huweza kueleza jinsi ya kuchukua sampuli.

(c) Chokaa na jasi zisichanganywe. Chokaa hutumiwa kupunguza asidi. Jasi hutumiwa katika udongo uliojaa magadi, kwa kuwa kalisi iliyomo hukifukuza kile kiini cha magadi. Hata hivyo jasi haifai kitu kama baadaye hakuna maji safi ya kuosha na mtaro wa kutolea.

(d) Majibu ya vipimo yaandikwe katika daftari la chama, pamoja na tarehe na jina la shamba, si kuachwa mfukoni mwa mtu.

Ndugu Wanachama, hakuna aliyeweza kuizuia Mirihi isipoteze maji yake. Hapakuwa na mkutano mkuu wala halmashauri huko, na sayari ndogo haikuwa na nguvu ya kujilinda. Shamba lililojaa chumvi ni jambo jingine, kwani lina wenyewe, nao hukutana kila mwaka. Mtaro wa urefu wa shamba moja huchimbwa kwa siku chache za kazi ya pamoja, lakini ekari iliyokwisha kufa kwa magadi huhitaji miaka kuifufua. Uamuzi huo na uingizwe katika ajenda kabla ya masika, na muhtasari wake uandikwe vizuri, ili katibu atakayefuata aukute.